Benchi za chuma za kuunganishwa: kwa nini huoza kwa ndani, na jinsi ya kuzisanifu zidumu

Benchi iliyokuwa nje ya studio yetu ilikuwa nzuri kwa macho. Pipe nyembamba za mraba, rangi nyeusi inayong'aa, hakuna maua ya chuma wala mikunjo ya urembo. Tuliitengenezesha kwa ajili ya wageni wanaosubiri zamu yao ya kuingia kurekodi, na kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa hakuna aliyeilalamikia. Kisha asubuhi moja mzee aliyekuja kwenye kipindi cha afya aliketi na kikombe chake cha chai, mguu wa nyuma ukajikunja kama karatasi, na mzee akajikuta chini. Hakuumia. Alijifuta chai kwenye kanzu, akatutazama na kuuliza: "Wanangu, hii mlinunua kukalia au kutazama?" Yeye alicheka. Sisi hatukuwa na la kujibu.

Fundi aliukata mguu ule kwa grenda mbele yetu. Rangi ya nje ilikuwa bado safi. Ndani mlikuwa na magamba ya kahawia yaliyolowa, na ukuta wa pipe, ambao mwanzoni ulikuwa na unene wa milimita 1.2, ulikuwa umeliwa hadi ukabaki kama ganda la yai. "Hii kutu haikuingia jana, bosi," alisema fundi. "Imekaa humo tangu mvua ya kwanza."

Kosa lilikuwa letu. Tulipoagiza tulisema maneno matatu tu: nyembamba, ya kisasa, ya haraka. Hatukuuliza maji yatapita wapi.

Samani za chuma zisizo na mapambo zimeenea sana mijini, kwenye migahawa, vituo vya mabasi, viwanja vya vyuo na nyua za ofisi. Zinapendwa kwa sababu hazijazi macho, ni rahisi kusafisha, na zikitengenezwa kwa vipande vinavyofungana kwa bolti unaweza kuzirefusha, kuzifupisha au kuzihamisha. Ila usahili wake unadanganya. Kiti chenye mapambo mengi huficha maungio mabaya. Kiti kisicho na pambo hakina pa kuyaficha, na kikiwa cha kukaa nje, hayo maungio ndiyo yanayoamua kitaishi miaka 2 au 20. Hapa tunaeleza tulichojifunza tulipoitengeneza upya benchi yetu.

Pipe inavyovuta maji

Kutu huhitaji vitu vitatu: chuma, hewa na maji. Chumvi haileti kutu peke yake, lakini huyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi zaidi, na kutu kwa asili yake ni kitendo cha kikemia chenye umeme mdogo ndani yake. Ndiyo maana benchi moja ikiwekwa Mombasa na pacha wake akawekwa Dodoma, ya Mombasa itazeeka mapema sana. Halafu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inapoanza chini ya rangi huisukuma rangi ivimbe na kupasuka, maji yakapata mlango mwingine.

Hayo ni ya nje, na macho huyaona. Ya ndani ndiyo yaliyotuangusha. Pipe iliyozibwa ncha zote kwa kuchomelewa huonekana salama, lakini tundu dogo la sindano likibaki kwenye weldi linatosha. Mchana jua huipasha pipe joto, hewa ya ndani hutanuka na kutoka kidogo. Usiku pipe hupoa, hewa husinyaa, na pipe huvuta ndani hewa mpya pamoja na unyevu wake, au maji yenyewe kama tundu limelowa. Pipe inapumua. Kila siku inaingiza tone, na tone hilo halina pa kutokea.

Kwa hiyo kuna njia mbili tu za kweli. Ama uzibe kabisa, weldi ikizunguka pande zote bila kuruka, jambo ambalo ni gumu kulihakiki kwa macho. Au uache wazi kwa makusudi, kwa kutoboa tundu la milimita 6 hadi 8 mahali pa chini kabisa pa kila pipe, maji yaingiayo yapate kutoka. Sisi tunapendelea ya pili. Anayeziba hutegemea kwamba weldi zote ni kamilifu. Anayetoboa anakubali kwamba maji yataingia tu.

Wale waliosanifu viti maarufu vya nje walilijua jambo hili. Mwaka 1938 Hans Coray wa Uswisi, ambaye chuoni alisomea lugha wala si usanifu, alibuni kiti cha aluminiamu kwa ajili ya maonyesho ya taifa yaliyofanyika Zürich mwaka uliofuata. Kiti hicho, kinachojulikana kama Landi, kina matundu 91 kwenye kikalio na mgongo. Wengi hudhani ni urembo. Matundu hayo hupitisha maji ya mvua, na pia hupunguza uzito, ambao ni kama kilo 3 tu, kiasi kwamba mtu mmoja hukiinua kwa mkono mmoja.

Miaka karibu 30 baadaye, Florence Knoll, mmoja wa wakubwa wa samani nchini Marekani, alihamia Florida na kukuta samani zake za nje zinaliwa na upepo wa bahari. Alimwomba msanifu Richard Schultz atengeneze zitakazostahimili. Schultz alitoa seti yake mwaka 1966: fremu za aluminiamu na kitambaa cha nyuzi imara za viwandani. Kwa umbo ni seti sahili sana, lakini kilichoizaa ni malalamiko ya mtu aliyekuwa na kutu barazani.

Chuma gani?

Aluminiamu haishiki kutu nyekundu, na uzito wake ni kama theluthi moja ya chuma cha kawaida. Lakini ugumu wake dhidi ya kupinda nao ni theluthi moja, hivyo pipe ya aluminiamu inahitaji kuwa nene au pana zaidi ili isilegee. Pia mafundi wa kuichomelea ni wachache na bei yao iko juu. Stenlesi hudumu, mradi uchague aina sahihi: ile ya daraja la 304 huanza kupata madoa ya kahawia karibu na bahari, na ya 316, iliyochanganywa na molibdeni, ndiyo inayofaa ufukweni. Bei yake itakufanya ukae chini kabla benchi haijaja.

Kwa walio wengi, basi, kinachobaki ni chuma cha kawaida kilichokingwa kwa zinki, kama mabati ya paa. Zinki huliwa kwanza badala ya chuma. Hata ukikwaruzwa mkwaruzo mdogo, zinki iliyo kando huendelea kukilinda chuma kilicho wazi. Rangi haiwezi kufanya hivyo.

Tofauti kubwa ni lini zinki inawekwa. Ukinunua pipe zilizokwisha kupakwa zinki kiwandani kisha ukazichomelea, moto huiunguza zinki palepale kwenye maungio, yaani mahali penye hatari zaidi. Moshi mweupe unaotoka ni wa zinki, na fundi akiuvuta anaweza kulala usiku huo na homa na baridi kali. Mafundi wengi hunywa maziwa kujikinga. Maziwa yanaingia tumboni, moshi unaingia mapafuni. Kinachosaidia ni kufanya kazi penye upepo, kuvaa barakoa ya kufaa, na kuisugua zinki iondoke sehemu ya kuchomelea kabla ya kuwasha moto. Baadaye sehemu hiyo isafishwe hadi ing'ae na kupakwa rangi yenye unga mwingi wa zinki. Rangi ya fedha ya kawaida hufanana nayo kwa macho tu.

Njia bora ni kukata, kutoboa na kuchomelea kwanza, halafu kuchovya kipande kizima kwenye zinki iliyoyeyushwa, yenye joto la nyuzi 450 hivi. Zinki huingia hadi ndani ya pipe. Hapo matundu hayana hiari: pipe iliyozibwa ikitumbukizwa humo, hewa na unyevu wa ndani hutanuka kwa nguvu na pipe inaweza kulipuka mbele ya wafanyakazi. Na hapa ndipo benchi ya vipande inapoishinda benchi ndefu: birika la zinki lina ukubwa wake, na kipande cha mita 1.2 huingia kwa urahisi pale ambapo benchi ya mita 4 haiwezi.

Ufupi ndio unaoruhusu wembamba

Watu huliona suala la vipande kama starehe ya kupanga na kupangua. Kwetu, faida yake ya kwanza ni ya nguvu. Chukua pipe iliyoshikwa ncha mbili na mzigo katikati. Ukiuongeza urefu wake mara mbili na kuacha mzigo uleule, itapinda mara 8 zaidi. Benchi ya mita 2.4 isiyo na mguu katikati inadai pipe nene, na unene huo huua sura uliyoitaka. Ukigawa kwa vipande vya mita 1.2, pipe ya mraba ya milimita 40 yenye ukuta wa 1.5 au 2 inatosha kubeba watu wawili, na wa tatu akijibana. Karibu na bahari chukua ya 2.

Kwa nini 1.2? Mtu mmoja huhitaji kama sentimita 60 kukaa bila kugusana bega na jirani. Lakini sababu ya pili inatoka dukani. Pipe nyingi huuzwa kwa urefu wa mita 6, na 6 ikigawanywa kwa 5 ni 1.2. Msanifu akichora mita 1.3 kwa sababu kwenye karatasi inapendeza, kila pipe itatoa vipande 4 na kubakisha sentimita 80 za kutupa, na mteja atazilipia. Usisahau jiwe la grenda: kila mkato hula kama milimita 3. Mikato minne ni milimita 12, kwa hiyo vipande vitano vilivyo sawa vinapatikana ukipima sentimita 119.7 kila kimoja. Miguu nayo, ukiikata sentimita 39.7, pipe moja inatoa 15 bila kubakiza kitu. Ukishikilia 40 kamili unapata 14 na kipande cha sentimita 36 kitakachozurura karakana. Mguu huo, ukiongeza fremu ya milimita 40 na kikalio juu yake, unaleta urefu wa karibu sentimita 44 kutoka chini, unaowafaa watu wazima wengi.

Kikalio chetu kina vyuma bapa tisa vya upana wa milimita 40, vinavyokwenda kwa urefu wa benchi, na nafasi ya milimita 7 kati yao. Upana wote ni chini kidogo ya sentimita 42. Vyuma bapa viwili vya mita 6 vinatoa vipande kumi. Tisa vinakaliwa, cha kumi kinakatwa kuwa vibao vya miguu. Tulitaka unene wa milimita 4 kuokoa fedha, fundi akakataa, naye alikuwa sahihi: siku ya sherehe lazima mtu apande juu ya benchi kupiga picha, na chuma cha 4 kitabaki na alama ya kisigino chake. Tulitumia 6, na pipe moja ya kupokea mzigo katikati chini.

Nafasi zile za milimita 7 nazo zina hesabu yake. Kanuni za Ulaya za vifaa vya michezo ya watoto huogopa matundu ya kati ya takriban milimita 8 na 25, kwa kuwa kidole cha mtoto huingia na kunasa. Benchi si bembea, lakini watoto hawasomi kanuni. Chini ya 8, maji hupita na kidole hakipiti.

Maungio

Hapa tungeomba msomaji asome polepole.

Kila kipande chetu cha kikalio hakina miguu yake. Kuna fremu za miguu zilizo peke yake, na vipande viwili vinavyopakana hukalia fremu moja kwa pamoja. Vipande vitatu vinahitaji fremu nne badala ya sita. Ukitaka kurefusha, unaongeza kikalio kimoja na fremu moja. Kikiharibika kipande kimoja, unafungua bolti nne na kukipeleka karakana huku vingine vikiendelea kukaliwa. Benchi yetu ya kwanza ilikuwa kitu kimoja kilichochomelewa, hivyo mguu mmoja ulipooza tulitupa yote.

Mahali vyuma viwili bapa vinapolaliana, maji huingia katikati na hayakauki. Weka washa nene ya plastiki au ya mpira mgumu kati yao, ibaki nafasi ya milimita 3 hivi upepo upite. Washa hiyo ina kazi nyingine pia: metali mbili tofauti zikigusana kwenye maji ya chumvi, moja huila nyingine kwa kasi. Kipande kikubwa cha stenlesi juu ya fremu ya zinki kitaimaliza zinki. Bolti ndogo ya stenlesi kwenye fremu kubwa haina ubaya kama huo, lakini itenganishe kwa plastiki hata hivyo.

Tundu la bolti kwenye upande mmoja liwe refu kama yai, si duara. Chuma cha mita 6 kikipanda joto nyuzi 40, kutoka alfajiri ya baridi hadi jua la saa nane, hurefuka karibu milimita 3. Aluminiamu hurefuka zaidi ya 5. Bolti iliyobanwa kwenye duara kamili hupasua rangi kidogo kidogo kila siku. Tundu refu pia humsamehe fundi aliyekosea kipimo kidogo, na sakafu ambayo haikunyooka. Sakafu haijawahi kunyooka.

Miguu isizikwe kwenye zege. Hufanywa sana kwa kuogopa wezi, na mguu hukatika palepale chuma kinapoingia ardhini, kwa sababu mstari ule hushika maji. Inua zege sentimita 5 juu ya ardhi, ulipe mteremko, na ufunge kibao cha mguu juu yake kwa bolti. Kuhusu wezi wa chuma chakavu, nati zetu ziko chini ya fremu na ncha za bolti zimegongwa kwa nyundo ili nati isitoke kwa mkono. Mwizi mwenye nia atatoka nayo tu, ila atachukua muda.

Kukaa, si kuketishwa

Benchi za vipande zikipangwa mstari mmoja mrefu huwafanya watu wawe kama wanaosubiri daktari. Mtafiti William H. Whyte aliwapiga filamu watu kwenye viwanja vya New York miaka ya 1970, na katika kitabu alichotoa mwaka 1980 alieleza kwamba mtu akipata kiti kisichofungwa chini, aghalabu hukisogeza kidogo kabla ya kukaa, hata kama kinarudi karibu palepale. Anakifanya chake. Bustani ya Bryant Park katika jiji hilo ilipofunguliwa upya mwaka 1992 iliwekwa viti vyepesi vya chuma visivyofungwa popote, na mpaka leo ni sehemu ya sura yake.

Watu wa pwani hawahitaji filamu kulijua hili. Baraza za mawe za Lamu na Unguja hukabiliana pande mbili za mlango au kibaraza, na mazungumzo hukatiza katikati. Kwa hiyo angalau kipande kimoja katika seti kiwe cha kona, ili benchi iweze kugeuka. Usiweke kikalio ndani ya pembe yenyewe, kwa sababu wawili wanaokaa hapo watagongana magoti. Weka kimeza cha kuwekea vikombe. Lamu inatukumbusha na jambo jingine: vichochoro vya mji mkongwe hupitisha punda na mkokoteni, na kipande cha mita 1.2 kinapita kona ambayo benchi ndefu haitapita.

Jua lina shauri lake. Chuma kilichofika nyuzi 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache, na rangi nyeusi iliyo juani hufika huko bila shida. Nyeusi yetu ya kwanza ilikuwa inakalika saa mbili za asubuhi na jioni tu. Mchana wageni walisimama kando yake kana kwamba ni maonyesho. Sasa ni ya kijivu cheupe, na iko chini ya mwarobaini. Kivuli kinasaidia kuliko rangi yoyote.

Mikono ya benchi tumeiweka kwenye ncha tu, sentimita 20 juu ya kikalio, kwa sababu mzee huhitaji pa kujishikia anapoinuka. Katikati hatukuweka. Miji mingi huiweka katikati ili mtu asilale, na sisi tunaona ni roho mbaya iliyopakwa rangi ya usanifu.

Benchi mpya ina vipande vitatu. Kila masika yanapokwisha tunaiosha kwa maji baridi kuondoa chumvi, tunachokonoa matundu ya chini kwa waya kwa sababu nyigu hupenda kuyaziba kwa udongo, na tunakaza bolti kwa spana ya 17. Kipande cha tatu hakipo wiki hii. Jirani ana harusi, amekiazima, na alikuja na spana yake mwenyewe.